Wasomaji Wanauliza: Kuzeeka Karibu na Wenzako, Kila Mtu na Mlango Wake

Barua za safari hii zote zinazunguka jambo moja: jinsi ya kujenga makazi ambamo mtu mzima anaishi kwa kujitegemea, ana mlango na ufunguo wake, lakini hayuko peke yake. Wanaojibu ni wasanifu majengo na mafundi wa safu hii. Vipimo tunavyotaja ni vya kuanzia. Kanuni za ujenzi za mahali ulipo zikidai zaidi, zifuate hizo.

Tuanzie wapi?

*Ndugu mhariri, tuko watu 14, kaya 10, wenye umri wa miaka 56 hadi 70. Nne kati ya hizo kaya ni za wanandoa, sisi wengine tunaishi peke yetu. Tunataka kujenga nyumba ndogo ndogo zinazozunguka ua mmoja. Msanifu ametuuliza, "Mnataka kushirikiana nini hasa?" tukabaki tunatazamana. Tuanzie wapi?*

Ndugu zetu, wekeni ramani pembeni kwanza. Anzeni na wiki moja ya kawaida. Kila mmoja aandike, siku kwa siku, anafanya nini akiwa peke yake, anafanya nini na wenzake, na vitu gani anavyo ndani lakini huvigusa mara mbili kwa mwezi. Mkizikusanya karatasi hizo mezani mtaona mafungu matatu. Fungu la kwanza hubaki ndani ya kila nyumba bila mjadala: chumba cha kulala, bafu, jiko kamili, mahali pa kukaa. La pili huhamia kwenye nyumba ya pamoja: mashine za kufulia, chumba cha mgeni, karakana yenye zana, meza kubwa ya kulia. La tatu ni lile linalozua ubishi, kama vile mbwa, wajukuu wanaokaa mwezi mzima, au redio ya alfajiri. Hilo lizungumzwe kabla hamjatoa hata malipo ya awali ya kiwanja.

Kila kinachohamia upande wa pamoja hupunguza ukubwa wa nyumba ya mtu na papo hapo humpa sababu ya kutoka nje. Hakuna anayetoka nyumbani ili "kushirikiana." Mtu hutoka kwenda kufua, akamkuta jirani, wakakaa.

Kuhusu idadi, makazi ya namna hii huenda vizuri yakiwa na nyumba kati ya 15 na 30. Chini ya nane, wawili wakikosana kundi zima linapasuka, na mmoja akiugua zamu za kazi zinakwama. Zikizidi sana 30, watu huacha kujuana kwa majina na kamati hugeuka kuwa utawala. Kaya zenu 10 zinatosha kuanzia, ila pangeni kiwanja kwa ajili ya nyumba 16: bomba kuu la maji, njia ya majitaka na kebo kuu ya umeme viwe vya nyumba 16 tangu siku ya kwanza. Kuja kuchimbua njia iliyokwisha kusakafiwa ili kubadilisha bomba ni gharama mara mbili, na wakati huo nusu yenu mtakuwa mnatembelea mikongojo juu ya vifusi.

Kiwanja chenyewe kichunguzeni kwa kipimo cha mteremko kabla ya kuvutiwa na mandhari. Kikipanda zaidi ya mita 5 kwa kila mita 100, kila njia itahitaji kujengwa kama mteremko rasmi wenye vishikio na mapumziko. Pimeni pia umbali wa kituo cha usafiri, duka na zahanati kwa mwendo wa mtu mwenye mkongojo. Mita 400 ni ukomo wa kweli kwa wengi. Zaidi ya hapo siku itafika mtu ataacha kwenda.

Katika mpangilio, magari yabaki ukingoni, karibu na lango. Kutoka hapo kuwe na njia moja kuu yenye upana wa mita 1.8, inayopita mbele ya nyumba ya pamoja kabla ya kugawanyika kuelekea milangoni. Masanduku ya barua na chumba cha kufulia viwe kwenye njia hiyo hiyo. Kati ya milango inayotazamana acheni mita 10 hadi 15: unamtambua mtu na kuona kama uso wake ni wa furaha au wa uchovu, lakini husikii anachosema ndani. Wekeni benchi zenye mikono kila baada ya mita 50 au pungufu, na kivuli juu yake.

Jiandaeni pia kwa muda. Denmark ndiko aina hii ya makazi ilikoanzia. Sættedammen ilikaliwa mwaka 1972 na kaya 27 za umri wote, na Midgården ya Copenhagen ilifuata mwaka 1987 kwa ajili ya wazee. Huko walishapata uzoefu, na taasisi za kuwashika mkono zipo. Kwingine mambo huchelewa: New Ground ya London, yenye nyumba 25 za wanawake wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ilianza kama kundi mwaka 1998, wakahamia mwaka 2016. Muda mwingi ulimezwa na kutafuta kiwanja, fedha na vibali. Aliye na miaka 70 katika kundi lenu hana miaka 18 ya kusubiri, kwa hiyo kazi ya kiwanja na ya hati za kisheria ziende sambamba, zisisubiriane.

Ukuta wa matofali yenye matundu na vishikio vya bafuni

*Mimi ni fundi mwashi. Nimepewa kazi ya nyumba 12 za wazee, na ukuta ni wa matofali ya saruji yenye matundu. Mchoro unaonyesha vishikio vya chuma bafuni, lakini mwenye mradi anasema tuvifunge baadaye wazee wakishahitaji. Je, kuna ubaya? Na sakafu ya bafu ifanyweje?*

Fundi, kuvifunga baadaye hakuna ubaya. Ubaya ni kuacha ukuta usioweza kuvibeba. Kishikio hakivutwi taratibu: mtu anapoteleza, uzito wake wote hukiangukia kwa mshtuko. Kanuni za Marekani zinadai kihimili kilo 113. Sisi twasema ujenge kwa kilo 150 ulale usingizi. Tundu la tofali limezungukwa na saruji ya unene wa sentimita 3 tu. Kishina cha plastiki cha kushikia skrubu ukikitumbukiza humo, hushika siku ya kwanza, kisha huzunguka, kisha hutoka na kipande cha ukuta.

Kwa hiyo kabla ya kupiga lipu, jaza zege kwenye matundu ya matofali kuzunguka choo na sehemu ya kuogea, kuanzia kimo cha milimita 600 hadi 1,500 kutoka sakafu iliyokamilika. Tumia zege la kokoto ndogo, lishindilie kwa kipande cha nondo lisiache mapovu. Ukimaliza, tandaza futi kamba ukutani, piga picha ya kila ukuta, na hizo picha zikae kwenye faili la nyumba. Miaka kumi baadaye fundi mwingine atajua pa kutoboa bila kubahatisha. Ukuta ukiwa umeshapigwa lipu, bado kuna njia: gundi ya kemikali ya kushikia boliti, ikisukumwa ndani ya kifuko cha wavu ili isimwagike kwenye tundu, na boliti ya milimita 8 au 10 ya chuma kisichoshika kutu. Vile vishikio vya kunyonya ukuta kwa mpira usivikubali. Huachia bila dalili yoyote, na huachia hasa siku vimelowa.

Katikati ya bakuli la choo kuwe milimita 450 hadi 500 kutoka ukuta wenye kishikio. Ukilisogeza mbali, mkono haufiki. Ukilisogeza karibu, kiwiko kinagonga. Kiti kiwe na kimo cha milimita 450 hadi 480. Kishikio cha mlalo kikae milimita 200 hadi 250 juu ya kiti, na cha wima kiwe mbele kidogo ya ncha ya bakuli, kwa maana anayeinuka huegemea mbele kwanza ndipo anyanyuke. Upande wa pili acha nafasi ya milimita 750 kwa kitimwendo au mtu wa kumsaidia. Unene wa bomba la kishikio uwe milimita 32 hadi 40, na kati yake na ukuta milimita 40 hadi 50: vidole vipite, mkono mzima usipenye ukanasa.

Sakafu ndiyo sehemu inayoharibiwa mara nyingi kuliko zote. Ili kusiwe na kizingiti cha kuogea, jamvi la sehemu hiyo lishushwe milimita 50 hadi 75 wakati wa kumwaga zege. Wengi husahau, kisha hupandisha sakafu yote ya bafu na hapo mlangoni huzaliwa kidato cha sentimita 5, kile kile tulichokuwa tunakikimbia. Mteremko uwe 1 kwa 50, yaani milimita 20 kwa kila mita, kuelekea tundu la maji lililo upande ulio mbali na mlango. Tandaza utando wa kuzuia maji chini ya vigae, uupandishe ukutani milimita 150 kote na mita 2 pale panapomwagika maji. Vigae viwe vidogo, milimita 50 kwa 50 hivi. Viungo vyake vingi hushika mguu, navyo hufuata mteremko bila kuvunjika. Kigae kikubwa cha 600 kwa 600 hakikunjiki pande nne. Utalazimika kukikata mshazari na kingo zitasimama.

Mlango ufunguke nje au uwe wa kusukuma pembeni. Mtu akianguka bafuni, mara nyingi huangukia mlangoni. Mlango unaofunguka ndani unakuwa umezibwa na mwili wa yule yule anayehitaji kuokolewa. Weka komeo linaloweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu.

Na maji ya moto: tangi lihifadhi maji kwa nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wasizaliane, lakini kwenye bomba la kuogea yasizidi nyuzi 43. Hilo hufanywa na koki ya kuchanganyia yenye kidhibiti joto, si kwa kupunguza joto la tangi. Ijaribu kwa kufunga maji baridi ghafla: ikiwa nzima, nayo ya moto hukata mara moja.

Naogopa kuishi kama hosteli

*Nina miaka 71, mjane. Watoto wananishawishi nijiunge na makazi ya wazee yanayojengwa na kundi la marafiki zangu. Nawapenda, lakini napenda pia siku nisiyoona mtu. Naogopa nitakuwa kama mwanafunzi wa bweni.*

Shikamoo mama. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake imo kwenye mchoro. Ahadi za marafiki pekee hazitoshi. Waulize msanifu na kundi mambo yafuatayo, na majibu yakikosekana usitie saini.

La kwanza: kati ya njia ya wote na kitanda chako kuna hatua ngapi? Zinapaswa kuwa nyingi. Njia, kisha kipande cha bustani cha mita 1.5 hadi 2, kisha kibaraza, kisha mlango, kisha jiko na sebule, na chumba cha kulala nyuma kabisa. Jiko likiwa mbele, wewe ndiye unayewaona wapitao ukiwa kwenye shughuli zako. Chumba cha kulala kikiwa mbele, wao ndio wanaokuona wewe, na utaishi umefunga pazia mchana kutwa.

Kibaraza hicho kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Ukikaa hapo, majirani wanajua unakaribisha mazungumzo. Ukiwa ndani, wanajua umepumzika, na hakuna anayepaswa kuomba radhi wala kutoa sababu. Lakini kina chake kisipungue mita 1.8, na mita 2 ni bora. Chini ya hapo meza na viti viwili havikai, miguu inazuia mlango, na kibaraza kinaishia kuwa stoo ya ndoo na mafagio.

La pili: kuna njia nyingine ya kutoka? Mlango wa nyuma, hata mdogo, unaokufikisha langoni bila kupita uani. Siku zisizo na hamu ya salamu zipo kwa kila mtu.

La tatu ni ukuta wa kati yako na jirani. Uwe wa tabaka mbili za matofali zenye nafasi ya milimita 50 katikati, na tabaka hizo zisigusane popote. Mwendee fundi siku ya ujenzi, au mtume mtu, achungulie ndani ya hiyo nafasi kwa tochi. Udongo wa saruji ukidondokea humo na kukauka, unakuwa daraja la sauti, na utasikia jirani akikohoa. Soketi za pande mbili zisitazamane mgongo kwa mgongo.

Na kingo za madirisha ya sebule ziwe milimita 600 hadi 750 kutoka sakafuni, ili ukiwa umeketi uone nje bila kunyoosha shingo. Mama, ukizipata hizi, siku ya upweke utakuwa umeichagua mwenyewe.

Ukumbi mzuri, hakuna anayekaa

*Kamati yetu ilijenga ukumbi wa pamoja wa mita za mraba 140 katika makazi yetu ya nyumba 22. Una viti 60 na vigae vya kung'aa. Miaka miwili sasa unafunguliwa siku za mikutano tu. Tumejaribu kuandaa michezo, watu wanakuja mara moja wanaacha. Kosa liko wapi?*

Kosa haliko kwa watu. Simameni katikati ya ukumbi mpige kofi moja. Mlio ukiendelea kutetema baada ya kofi, hapo ndipo penye ugonjwa. Vigae, kuta za lipu na dari ngumu hurudisha kila sauti, na masikio yaliyozeeka hayawezi kutenganisha neno la aliye karibu na kelele za meza ya tatu. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza vyote kwa pamoja. Mtu hukaa dakika ishirini akitabasamu bila kusikia kitu, kichwa kinamuuma, hurudi nyumbani, na safari ijayo anasema amechoka. Funikeni dari, angalau nusu ya eneo lake, kwa paneli za sufi ya madini zenye unene wa milimita 40 hadi 50 zilizovikwa kitambaa, na mwekeni mapazia mazito upande mmoja. Muda wa mwangwi kufifia ushuke hadi karibu sekunde 0.6. Wapo wapimaji wa sauti, ila kofi litawaambia mengi.

Badilisheni meza. Meza ndefu ya watu 12 humwacha kila mmoja na majirani wawili tu. Meza ya duara ya kipenyo cha mita 1.2 huchukua watu sita, na kila mmoja anaona midomo ya wenzake. Viti viwe vigumu kiasi, kimo milimita 450 hadi 480, vyenye mikono. Sofa nzito la kuzama ni mtego kwa magoti mabovu: wapo wanaokataa kuketi kwa kuona aibu ya kuomba kuinuliwa.

Kisha angalieni funguo ziko kwa nani. Ukumbi unaofunguliwa kwa kumtafuta katibu haukaliki. Angalieni choo kiko hatua ngapi, kwani watu huhesabu. Na angalieni kama anayepita njiani anaweza kuona kwa kioo nani yumo kabla ya kuingia. Wengi wetu hatupendi kufungua mlango usiojua nyuma yake kuna nini.

Ukubwa nao umewashinda. Tengeni kona ya mita za mraba 20 upande wa njia, yenye kioo, meza mbili na birika, iwe wazi siku nzima. Watu watatu katika chumba cha mita 140 wanahisi wamefika kabla ya wakati. Katika mita 20 wameshajaza. Appleby Blue, jengo la London la wazee lililopata tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo ya Uingereza, mwaka 2025, jiko na ukumbi wake vimewekwa upande wa barabara, na korido za kwenda majumbani zina mabenchi na mimea, hivyo mtu hukuta mwenziwe hata kabla hajafika ukumbini.

Hakuna kizingiti, mvua je?

*Tumeambiwa milango ya nje isiwe na kizingiti. Mvua ikipiga si maji yataingia sebuleni?*

Yataingia, ikiwa kizingiti kimeondolewa na hakuna kilichowekwa badala yake. Vinahitajika vitu vitatu kwa pamoja. Paa litoke mbele ya mlango angalau mita 1. Sakafu ya nje iinamie mbali na nyumba kwa 1 kwa 50. Na mbele kabisa ya mlango, upana wake wote, pawe na mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma, uliounganishwa na bomba la maji ya mvua. Kuutumbukiza ardhini tu hakufai, maana ardhi ikishiba unarudisha maji. Matundu ya wavu yasizidi milimita 13, na yalale kukata mwendo wa mtu, la sivyo ncha ya mkongojo na gurudumu dogo la mbele la kitimwendo vitazama humo. Sehemu yoyote inayolazimu kubaki imeinuka isizidi milimita 15, na kingo zake zichongwe. Mfereji usafishwe majani kila mwezi wakati wa mvua. Andikeni kazi hiyo kwenye zamu, kwa jina la mtu.

Ghorofa moja, lifti ni lazima?

*Kiwanja ni kidogo, tunakwenda juu ghorofa moja tu. Lifti ni lazima?*

Kama kuna mtu atalala juu, ndiyo. Fedha zikiwa hazijatosha, jengeni tundu lake sasa, shimo la chini la mita 1.5 lisilopitisha maji likiwemo, na kwa muda huo kila sakafu itumie nafasi hiyo kama stoo. Kasha la lifti la mita 1.1 kwa 1.4 linabeba kitimwendo na msaidizi. Machela inataka kina cha mita 2.1, na kwa kasha hilo tundu huwa takriban mita 1.8 kwa 2.6. Thibitisheni na muuzaji kabla ya kumwaga zege, na mpange umeme wa akiba.

Ngazi bado zitatumika. Vidato viwe na kimo cha milimita 150 hadi 170 na kina cha 280 hadi 300, vishikio pande zote mbili, vikiendelea milimita 300 baada ya kidato cha mwisho. Kosa la kila siku ni hili: fundi anamwaga vidato vilivyo sawasawa kabisa, kisha sakafu ya chini inawekewa saruji na vigae vya milimita 40, na kidato cha kwanza kinabaki kifupi kuliko wenzake. Mguu umeshazoea kimo kimoja. Tofauti ya sentimita moja tu huangusha. Unene wa umaliziaji ujulikane kabla ya fomu za ngazi kupigiliwa misumari.

Mume wangu ameanza kusahau

*Tunaishi kwenye makazi ya pamoja. Mume wangu, miaka 74, ameanza kupotea usiku akitafuta choo, na juzi aligoma kukanyaga zulia jipya. Tunaweza kubadilisha nini ndani ya nyumba?*

Pole dada. Zulia likiwa jeusi au la rangi nzito, huenda analiona kama shimo. Hilo hutokea sana, na kumlazimisha kunamtia hofu tu. Liondoe. Sakafu ya nyumba nzima iwe ya rangi moja isiyong'aa, kwani inayong'aa huonekana kama maji. Tofauti ya rangi iwekwe pale inapomwongoza: kiti cha choo chenye rangi nzito juu ya bakuli jeupe, fremu ya mlango wa choo yenye rangi yake pekee, ukingo wa kila kidato.

Choo kionekane kutoka kitandani. Ikiwa mlango hauko mkabala, wakati mwingine kuhamisha kitanda kunatosha kuliko kuvunja ukuta. Acha mlango wazi usiku, na weka taa dogo la rangi ya manjano chini ya kitanda linalowaka lenyewe miguu inapogusa sakafu. Taa ya dari isiwake ghafla, inapofusha. Jicho la miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la miaka 20, kwa hiyo mchana nao ongezeni mwanga, hasa jikoni. Kabati za vitu anavyotumia kila siku ng'oeni milango: asichokiona kwake hakipo. Jiko liwe na kikata umeme au gesi chenye saa.

Uani, njia ziwe za kuzunguka na kurudi nyumbani, zisiishie ukutani. Mlango wenu mtambulishe kwa kitu anachokijua yeye, kofia yake au chungu cha maua, kwa kuwa namba ataisahau. Na mwambie kila jirani hali ya mumeo, kwa ruhusa ya mumeo mwenyewe akiwa bado anaweza kuitoa. Huko Weesp, Uholanzi, De Hogeweyk imejengwa tangu 2009 kama kijiji cha watu wenye maradhi makubwa ya kusahau, kwa kaya ndogo za watu sita au saba, lakini ile ni nyumba ya uuguzi yenye wahudumu saa zote. Makazi yenu hayakujengwa kwa hilo. Kaeni mkubaliane mapema, kwa maandishi, ni dalili gani zikionekana mtaajiri mwangalizi wa usiku, na ni zipi zikionekana atahitaji mahali pengine.

Mmoja wetu akifariki, nyumba inakwenda kwa nani?

*Kundi letu la kaya 18 linakwama hapa. Wengine wanataka warithi wapewe nyumba, wengine wanasema itaingia vijana wenye magari matatu. Pia, nani atalipia paa likivuja?*

Tenganisheni vitu viwili: thamani ya nyumba na haki ya kukaa ndani yake. Warithi wapate thamani, kamili na kwa wakati. Haki ya kukaa itokane na masharti ya kundi, mfano umri wa chini wa miaka 55 na kukubali zamu za kazi. Andikeni ndani ya katiba: warithi wana miezi 6 ya kutafuta mnunuzi anayetimiza masharti, kundi lina orodha yake ya wanaosubiri na linapewa nafasi ya kwanza kwa bei ya mthamini huru, miezi ikipita bila mnunuzi, sharti la umri hulegezwa. Bila kipengele hicho cha mwisho warithi hubaki wakilipia ada nyumba tupu, na kesi huanza. Mwanasheria aisome katiba hiyo dhidi ya sheria ya mirathi na ya ardhi ya mahali penu kabla ya mtu yeyote kulipa.

Orodha ya wanaosubiri ina kazi nyingine. Mkihamia wote mna miaka 65, baada ya miaka 15 wote mtakuwa 80, na hakuna wa kupanda dari. Kila nyumba ikipatikana, mpeni kipaumbele anayepunguza wastani wa umri.

Paa, sasa. Orodhesheni kila kitu cha pamoja kinachochakaa: paa, pampu, lifti, rangi ya nje, mashine za kufulia. Mbele ya kila kimoja andikeni gharama ya kukibadilisha leo na miaka iliyobaki ya uhai wake. Gawanyeni ya kwanza kwa ya pili, jumlisheni zote, gawanyeni kwa nyumba 18, kisha kwa miezi 12. Hicho ndicho kiwango cha mfuko wa matengenezo kwa kila nyumba kwa mwezi, mbali na ada ya uendeshaji. Mfuko ukae katika akaunti yake, saini tatu, na hesabu irudiwe kila mwaka kwa bei mpya. Makundi mengi huanza na kiwango cha chini ili wasiogopeshe watu, kisha lifti inakufa mwaka wa nane na wenye kipato kidogo ndio wanaoshindwa kuchangia papo kwa papo. Anzeni na kiwango kamili mwezi wa kwanza mliohamia, wakati kila kitu bado kipya na hakuna aliyekwisha kuzoea kulipa pungufu.